Kisukari na kusafishwa damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, kisha figo zikachoka akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, anaingia kwenye maisha yenye sheria nyingine. Baadhi ya mambo aliyofundishwa kliniki ya kisukari yanaweza kumdhuru sasa. Hapa Uganda mgonjwa wa mashine humwona daktari bingwa mara chache, lakini muuguzi wa kitengo humwona mara 2 kwa wiki, kwa saa 4 kila anapokuja, awe anahudumiwa hospitali ya Kiruddu, ya Mbarara au ya binafsi. Kwa hiyo mwalimu wake wa sukari ni sista.

Majibu haya ni ya wagonjwa na ndugu wanaowahudumia. Maswali ya mwisho ni ya wauguzi wenyewe. Sukari yote imeandikwa kwa milimoli kwa lita. Kama kipimo chako kinasoma miligramu na kinaonyesha namba kama 126 au 200, gawanya kwa 18.

Dozi ya insulini ni ile ile. Mbona siku hizi sukari inashuka ovyo?

Kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zinavunja sehemu kubwa ya insulini unayojidunga. Zikichoka, insulini inabaki kwenye damu muda mrefu. Dozi ya asubuhi inaweza kuwa bado inafanya kazi usiku, ukaongeza ya jioni juu yake. Halafu figo nzima husaidia ini kutengeneza sukari mtu anapokaa na njaa, na msaada huo nao umeondoka. Ongeza kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, ambavyo karibu kila mgonjwa wa figo anavijua.

Ndiyo maana madaktari hupunguza dozi ya insulini kwa takriban robo figo zinapodhoofika, na hata kwa nusu zinapofika mwisho. Wapo wanaofika mahali hawahitaji insulini tena. Familia nyingi huamini hapo kwamba kisukari kimepona, iwe kwa maombi au kwa dawa ya miti, na wanaacha kupima. Hakijapona. Macho, moyo na miguu bado viko hatarini, na sukari inaweza kupanda tena mgonjwa akianza kula vizuri au akipata maambukizi.

Kanuni ya kushika: sukari ikisoma chini ya 4 hata mara moja bila sababu unayoijua, au mara 2 ndani ya wiki kwa sababu yoyote, mwambie sista kabla ya dozi inayofuata. Usingoje siku ya kliniki. Kwa mgonjwa wa mashine, sukari iliyoshuka inaweza kuua ndani ya saa chache, wakati iliyopanda kidogo inakupa muda wa kuitengeneza.

Na vidonge nilivyokuwa nameza?

Glibenklamidi iache, wengi wanaijua kwa jina la Daonil. Mabaki yake hutolewa na figo, kwa hiyo kwa mgonjwa wa mashine hujikusanya na kushusha sukari tena na tena, siku nzima au zaidi. Mtu aliyeshushwa na glibenklamidi anatakiwa kulazwa na kuangaliwa hata kama ameamka na kuomba chai, kwa sababu itashuka tena.

Metformini nayo haitumiki figo zikifika hapo: inajaa mwilini na inaweza kuleta asidi kwenye damu. Linagliptini haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo, ila bei yake ni juu na haipatikani kila duka. Glipizidi wakati mwingine hutumika kwa uangalifu.

Shida kubwa tunayoiona ni dawa za zamani kubaki nyumbani. Mgonjwa aliandikiwa insulini hospitali kubwa, lakini kopo la vidonge kutoka kituo cha afya cha kwao bado liko kabatini, na mtoto aliyetumwa duka la dawa amenunua vile vile vya zamani. Siku yako inayofuata ya mashine, weka dawa zote kwenye kavera moja, pamoja na za presha na za miti, umletee sista azione.

Nilenge namba ngapi?

Daktari wako ndiye wa kuiweka, lakini wengi wanaosafishwa damu hulengwa kati ya 6 na 10 kabla ya kula, na 12 haimshtui mtu. Kabla ya kulala, ikiwa chini ya 7 kula kitu kidogo. Kijana aliyekuwa akisifiwa kwa 5 kila asubuhi huona ajabu kuambiwa 8 ni nzuri, ila kwake sasa 5 iko karibu mno na shimo.

Kipimo cha miezi 3 kinasema niko vizuri, kile cha kidole kinasema 14. Nani mkweli?

Amini kidole. Kipimo cha HbA1c kinategemea chembe nyekundu za damu zinazoishi kama siku 120. Kwa mgonjwa wa mashine zinakufa mapema, na akiongezewa damu au akichomwa sindano za kuongeza damu anapata chembe changa ambazo hazijakaa na sukari muda wa kutosha. Matokeo yanatoka chini kuliko ukweli. Daktari anaweza kukitumia kuona mwelekeo, kwa wengi akilenga kati ya asilimia 7 na 8, lakini dozi haibadilishwi kwa karatasi hiyo peke yake. Mwambie anayeisoma ni lini mara ya mwisho uliongezewa damu.

Kipima sukari cha kidole nacho kinaweza kudanganya?

Kinaweza. Damu ikiwa pungufu sana, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa figo, vipimo vingi vya kidole husoma juu kuliko ukweli. Mtu mwenye 3.5 anaweza kuona 5 na kutulia. Kwa hiyo ukijisikia dalili za kushuka, jitibu kwa dalili hata kama namba inaonekana salama.

Mengine ni ya mikono. Ukiwa umemenya nanasi au umeshika mandazi ya sukari, kidole kitasoma 15. Osha kwa maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo utoboe pembeni ya ncha ya kidole, si katikati. Spiriti si lazima, na ikiwa haijakauka inaharibu matokeo. Usitoboe vidole vya mkono wenye fistula, yaani mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji ili kuunganishwa na mashine. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kopo lake lililofungwa, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Ukivigawa kwenye karatasi ili jirani naye apate, unyevu unaviharibu siku hiyo hiyo.

Vijiti ni ghali na wengi hawawezi kupima mara 4 kila siku. Ukiwa na vichache, vitumie hivi: kabla ya kutoka kwenda kwenye mashine, kabla ya kulala siku hiyo ya mashine, na asubuhi inayofuata. Hapo ndipo hatari ilipo. Kinachobaki ni cha siku unayojisikia vibaya.

Siku ya mashine nidunge insulini? Nile?

Kula, lazima. Maji ya mashine katika vitengo vingi yana sukari kiasi cha 5.5, karibu sawa na damu ya mtu mzima wa afya. Ukifika na 16, sukari yako inatoka kufuata maji hayo na inashuka haraka. Kama kitengo kinatumia maji yasiyo na sukari, unapoteza gramu 15 hadi 30 za sukari kila mara, na hatari ni kubwa zaidi. Muulize sista wanatumia yapi. Ni haki yako kujua.

Kuhusu insulini, usijiamulie. Madaktari wengi hupunguza dozi ya siku ya mashine kwa asilimia 10 hadi 15, na wengine huisogeza iwe baada ya mashine. Jambo lisilofaa hata kidogo ni kudunga insulini ya mchanganyiko, kama Mixtard, saa 10 alfajiri, kupanda taksi bila kula, kukaa kwenye foleni mpaka saa 3, kisha kuingia kwenye mashine. Insulini hiyo inapofikia nguvu yake ya juu ndipo mashine nayo inaivuta sukari. Ukitoka mbali, beba chakula na insulini yako, udunge ukishakiona chakula mbele yako.

Sista atakupima kabla ya kukuunganisha. Ikisoma chini ya 7, unatakiwa upate gramu 20 hadi 30 za wanga kwanza: vipande 2 vya mkate, au chapati moja ya kawaida. Kula kiasi. Mlo mkubwa ukiwa kwenye mashine huvuta damu kwenda tumboni na presha inaanguka.

Jioni baada ya mashine mambo hugeuka kwa baadhi ya watu: mwili uliochoka unatoa sukari yake na kipimo kinasoma 15 au 17. Usikimbilie kuongeza insulini usiku huo. Iandike namba, uilete.

Nikiwa kwenye mashine natoka jasho na kutetemeka. Ni sukari au ni presha?

Kwa macho huwezi kujua, na hata muuguzi mzoefu hawezi. Zote mbili huleta jasho, kizunguzungu, miayo na maneno yasiyoeleweka. Kwa hiyo vyote viwili vipimwe pale pale, presha na kidole. Kosa la kawaida ni kuona presha 90, kurudisha maji, kuridhika, na sukari ya 2.6 haijaguswa.

Wengine hawapati dalili kabisa. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu inayotoa onyo, na dawa za presha kama propranololi na atenololi huficha mapigo ya moyo na mtetemo. Mgonjwa wa namna hiyo anaonekana amelala vizuri. Ndiyo sababu sista anakuamsha kukuuliza jina la mjukuu wako. Mjibu bila kukasirika.

Sukari ikishuka nyumbani, tufanye nini hasa?

Chini ya 4, au dalili bila kipimo:

1. Vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyojaa, koroga kwenye nusu kikombe cha maji, kama mililita 100, anywe yote. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 yenye sukari, isiyo nyeusi kwa sababu soda nyeusi ina fosforasi. Au kijiko 1 cha chakula cha asali.
2. Ngoja dakika 15, pima. Bado chini ya 4? Rudia.
3. Ikishapanda, mpe chakula: kipande cha mkate, uji mzito kidogo, au mlo wenyewe kama umeiva.
4. Pima tena baada ya saa 1, na tena kabla ya kulala. Insulini inayokawia kutoka hushusha mara ya pili.

Juisi ya pasheni na ya machungwa tunazikataza hapa, ingawa kwa mgonjwa mwingine wa kisukari zingefaa: zina potasiamu nyingi. Chokoleti na maandazi yenye mafuta hukawia. Soda ya "daieti" haisaidii kitu.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, usimtilie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta gari. Boda boda haifai kwa mtu aliyezimia. Hata kituo cha afya cha ngazi ya 4 kinaweza kumpa sukari ya mshipani, kwa hiyo nenda kilicho karibu kwanza, usivuke mji mzima kutafuta hospitali yenye mashine. Waonye wasitumie mkono wa fistula.

Kiu inanitesa. Naambiwa ni maji, mbona unaniuliza sukari?

Kwa sababu mara nyingi kiu hiyo ni ya sukari. Hili ndilo tungependa kila mgonjwa alielewe kuliko mengine yote.

Kwa mtu mwenye figo nzima, sukari ikipita karibu 10 inaanza kumwagika kwenye mkojo, anakojoa sana, anakauka. Wewe hukojoi, au unakojoa kidogo tu. Sukari inabaki kwenye damu, inavuta maji kutoka kwenye chembe za mwili, ubongo unapiga kelele ya kiu, unakunywa, na maji hayo hayana pa kutokea. Unafika kwenye mashine ukiwa umeongeza kilo 4, miguu imevimba, hulali chali. Kila kilo 1 iliyoongezeka ni lita 1 ya maji. Pamoja na maji, potasiamu nayo hutoka kwenye chembe na kuingia kwenye damu, na hiyo inaweza kusimamisha moyo. Kukojoa sana, ile dalili uliyofundishwa zamani, haitakuja. Dalili zako sasa ni kiu, uzito na pumzi.

Kwa hiyo ukiongeza uzito kupita kiasi kati ya siku 2 za mashine, angalia daftari la sukari kabla ya kujilaumu kwa kunywa. Ikiwa inasoma 16, 18, 17, kuzuia maji pekee kutashindwa. Kinachotakiwa ni sukari ishuke, kisha kiu itapungua yenyewe. Chumvi ifuate: mchuzi wenye kiungo cha pakiti na soseji huleta kiu ile ile.

Kipimo cha kawaida cha maji ni nusu lita kwa siku, jumlisha mkojo unaoupata kwa saa 24. Njia inayofanya kazi: asubuhi jaza chupa ya nusu lita. Ukinywa kikombe cha chai, mwaga kutoka kwenye chupa kiasi kile kile. Uji, bushera, mchuzi na maji ya kumezea dawa vyote vinahesabiwa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Wa kilo 60 ajaribu asizidishe kilo 2.5 hivi kati ya mashine na mashine.

Na hili waambieni wahudumu wa dharura popote mtakapomkimbiza: huyu anasafishwa damu. Mtu wa sukari 30 mwenye figo nzima hutundikiwa lita kadhaa za maji. Mgonjwa wetu akitundikiwa hizo atazama kwenye mapafu yake. Yeye tiba yake ni insulini kwa uangalifu, na mara nyingi mashine. Iandikeni kwenye kadi, ikae pamoja na kitambulisho chake.

Nile nini? Kisukari wanasema maharage na kalo (ugali wa wimbi), figo wanasema hapana.

Mgongano huo ni wa kweli. Kliniki ya kisukari ilikufundisha nafaka isiyokobolewa, maharage, matunda, viazi vitamu. Vingi kati ya hivyo vina potasiamu au fosforasi nyingi, ambazo mashine ya mara 2 kwa wiki haiwezi kuzimaliza. Kwa mgonjwa wa mashine, wali mweupe na posho nyeupe (ugali wa mahindi yaliyokobolewa) vinarudi mezani, ila kwa kipimo.

Kipimo ndicho kigumu, kwa sababu sahani ya hapa kwetu huwekwa vyote: matoke, wali, posho, kiazi kitamu na kipande cha malenge, kisha mchuzi. Hiyo ni milo 3 ya wanga kwenye sahani 1. Chagua kimoja, ukubwa wa ngumi yako. Jumapili ukitaka viwili, nusu ngumi kwa nusu ngumi.

Matoke si marufuku. Shida ni namna ya kupika. Yakifungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, potasiamu yote inabaki ndani. Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, yakiiva nusu mwaga maji, weka mengine ya moto, endelea mpaka yaive, mwaga tena. Ponda kama kawaida. Ladha inapungua, kitunguu, tangawizi na limau kidogo husaidia. Fanya vivyo hivyo kwa mihogo, viazi na maharage. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na mchuzi kwenye sufuria moja, ndiyo tunayoikataza moja kwa moja, kwa sababu maji yaliyobeba potasiamu ndiyo mchuzi wenyewe unaokunywa.

Protini usiikimbie. Mashine inaipoteza, na mwili unahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 70: yai 1 lina 6, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina zaidi ya 20. Ngege (sato), yai na kuku ni bora kuliko mukene (dagaa), ambaye huliwa na mifupa yake na fosforasi yake. Mchuzi wa binyebwa (karanga) uwe wa nadra, vijiko vichache. Roleksi ya yai moja na chapati moja, bila chumvi ya juu, inafaa baada ya mashine kuliko soda na keki.

Matunda: kipande 1 cha nanasi au tufaha nusu kwa siku. Bogoya (ndizi mbivu), ovakedo, fenesi na pasheni viache.

Jambo ambalo wengi hawalitaji ni majivu. Kaskazini na West Nile mboga na maharage huwekwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ili yaive haraka. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Mgonjwa anaweza kufuata orodha yote ya sista na bado potasiamu ikawa juu kwa sababu ya chungu hicho. Muulize anayepika.

Mululuza na dawa nyingine za miti?

Mululuza, ule mti wa majani machungu, unaweza kushusha sukari. Ukichanganya na insulini ambayo haitoki mwilini, hujui utaamkia wapi. Na glasi ya majani yaliyochemshwa ni maji na potasiamu pia. Kama umekunywa, sema bila aibu; sista anahitaji kujua kwa nini umeshuka.

Sina friji. Insulini nitaiweka wapi?

Chungu cha udongo kinatosha. Weka maji kidogo chini, insulini ikae juu ya maji kwenye kopo lililofungwa, chungu kiwe kivulini penye upepo. Chupa isiyofunguliwa ingefaa friji ya nyuzi 2 hadi 8, hata ya jirani au ya kituo cha afya, lakini kamwe isigande. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka vizuri.

Kuna mtego unaowapata wagonjwa wa mashine kuliko wengine. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Dozi yako ikipunguzwa hadi 16 kwa siku, chupa itakaa siku 62, lakini baada ya kufunguliwa hufaa kama wiki 4 tu kwenye joto letu. Inaanza kudhoofika, sukari inapanda, dozi inaongezwa. Kisha unafungua chupa mpya yenye nguvu, unadunga dozi ile iliyoongezwa, na usiku huo unashuka. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu. Ikipita, itupwe hata kama imebaki nusu. Inauma, tunajua, hasa kama uliinunua.

Kudunga kwenyewe kuna nini cha kuangalia?

Insulini ya mawingu izungushe kati ya viganja mara 20, polepole, mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise. Dunga dakika 30 kabla ya kula, tumboni au pajani, na badilisha mahali kila siku. Papasa ngozi yako: ukikuta uvimbe laini pale ulipozoea kudunga, insulini hapo hainyonywi vizuri. Ukihama kwenda mahali pazima itanyonywa yote kwa mara moja, kwa hiyo mwambie sista kabla ya kuhama, dozi huenda ikashushwa.

Naweza kufunga Ramadhani?

Mwenye kisukari anayesafishwa damu yuko kwenye kundi la hatari kubwa kabisa, na ushauri wa kitabibu ni asifunge. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yake. Habari za fidia zungumza na shehe wako. Atakayeazimia kufunga hata hivyo amwambie sista mwezi mmoja kabla, dozi ipangwe upya, na akubali kufungua papo hapo akisoma chini ya 4 au juu ya 16. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu.

Nimekosa siku ya mashine. Sukari nayo inabadilika?

Haitabiriki. Uchafu ukizidi kwenye damu, insulini inafanya kazi vibaya lakini pia inakaa zaidi, na wewe huli. Pima mara nyingi kadiri vijiti vinavyoruhusu, usidunge dozi kamili kama hujala, punguza maji na potasiamu kwa ukali zaidi. Pumzi ikibana au mwili ukilegea ghafla, ni hospitali usiku huo huo.

Sista, wakati gani mzuri wa kumfundisha mgonjwa?

Saa ya kwanza hadi ya pili ya mashine, baada ya kumuunganisha na kuona presha imetulia. Saa ya mwisho amechoka na hatakumbuka. Dakika 10 zinatosha, jambo moja kwa siku moja: leo kushuka kwa sukari, wiki ijayo kiu. Mpe somo la kushuka kwanza, kabla ya chakula, kwa sababu ndilo litakalomwokoa wiki hii. Anayempikia awepo hata mara moja. Kama mgonjwa hashiki sufuria, somo la matoke si lake.

Usimwulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa heshima. Mpe sindano na chupa tupu yenye maji:

"Mama, nionyeshe ya jioni unavuta mpaka wapi."
"Mpaka hapa, sista. Kumi na mbili."
"Hebu tuhesabu pamoja hiyo mistari."

Hapo ndipo inaonekana. Kwenye sindano nyingi za mililita 1, kila mstari mdogo ni yuniti 2. Kwenye ya nusu mililita, mstari ni yuniti 1. Aliyebadilishiwa sindano duka la dawa na kuendelea kuhesabu mistari ile ile amejipa dozi mara 2, au nusu. Dozi ya namba witri kama 7 haisomeki kwenye sindano ya mistari ya 2. Angalia na macho yake: wengi wa wagonjwa hawa wana madhara ya kisukari kwenye jicho na wanakisia. Kama haoni, mtu mwingine avute, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye faili.

Tumia lugha anayoota nayo. Kiswahili kinawafikia wengi wa mpakani, kambini na Kampala, lakini bibi wa Kilugbara anaweza kuitikia Kiswahili chote na kubeba nusu. Mwite mjukuu atafsiri, kisha bibi arudie kwa vitendo.

Ukiwa hapo, mvue soksi. Miguu ya mgonjwa huyu huoza bila maumivu, na kitandani kwako ndiko pekee anakolala saa 4 bila viatu. Angalia kati ya vidole, kisigino, na moto wa ngozi.

Muuguzi anaruhusiwa kubadilisha dozi?

Pale tu kitengo kina mwongozo ulioandikwa na kusainiwa na daktari, unaosema kiasi na mpaka. Bila huo, kazi yako ni kuzuia dozi ya hatari na kupiga simu. Simu iwe na mambo yanayomwezesha daktari kuamua: namba 6 za mwisho za sukari na saa zake, aina ya insulini na yuniti, uzito alioongeza, amekula nini leo, ameongezewa damu lini, na kama ana homa au usaha kwenye katheta (mrija wa kuunganishia mashine). Ukisema tu "sukari iko juu", utajibiwa "ongeza", na mara nyingi jibu hilo si sahihi.

Dozi mpya iandikwe mahali 3: faili, daftari la mgonjwa, na kipande cha plasta kwenye chupa yenyewe ya insulini. Ya zamani ikatwe mstari mbele ya macho yake na ya anayemdunga.